Masei 135 ya mwaka 1971: haidroliki inachoka ikipata moto, starta inalia "tik" tu. Naombeni msaada

MkulimaKibaya

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa ambayo sina uhakika nayo.

Nina Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya silinda tatu, kibati chake kimeandikwa 1971. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo iliyotusomesha sote nyumbani. Nalimia plau ya diski mbili huku Kiteto, mahindi na alizeti. Mvua ziko karibu na majirani wameshaweka miadi ya kulimiwa.

Matatizo mawili yameingia karibu wiki moja.

La kwanza ni haidroliki, mfumo wa oili unaonyanyua plau. Asubuhi inanyanyua plau bila shida. Ikifika saa tano, oili ikishachemka, mikono ya kunyanyulia inapanda nusu, inasita, halafu inaanza kutikisa kama mtu anayesinzia kwenye kiti: inashuka kidogo, inajirudisha juu, inashuka tena. Nikizima injini, plau inalala chini yenyewe.

La pili ni umeme. Nikigeuza swichi starta inalia "tik", basi. Betri nimebadilisha mara mbili tangu Machi. Taa nyekundu ya chaji haizimiki. Nikipandisha raundi inafifia kidogo, halafu nikiendelea kupandisha inawaka kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa sasa dereva anawasha kwa kugusisha bisibisi pale kwenye starta.

Fundi aliyekuja anasema pampu ya haidroliki imekufa na dinamo (ya kuchaji betri) nayo nitupe. Jumla aliyotaja ni ng'ombe wawili. Hakupima chochote. Alisikiliza, akaangalia kidogo, akataja bei.

Mdau_Babati

Pole mkuu. Hayo ya pampu watakuja wenye ujuzi. Mimi nina moja tu na nakuomba ulifanye usiku huu huu: mnyang'anye dereva wako hiyo bisibisi.

Masei 135 ina swichi ya usalama. Ile lever ndogo ya kuchagua gia za kasi na za polepole isipokuwa kwenye alama ya S, starta haipati moto. Ukigusisha bisibisi unairuka ile swichi. Injini ya dizeli haikusubiri ugeuze ufunguo, ikizunguka imeshika. Kama gia imebaki ndani, trekta linaondoka, na wewe umesimama mbele ya tairi la nyuma. Kijijini kwetu tulimzika kijana wa miaka 24 kwa jambo hilo hilo. Siyo habari ya kusimuliwa, nilikuwepo.

MkulimaKibaya

Mdau, nimekusikia. Nimemwita dereva, tumeongea, trekta haliwashwi mpaka tujue tatizo. Pole sana kwa msiba huo.

NjiaPanda_Dom

Mkuu, haidroliki kuchoka ikipata moto maana yake oili nyepesi. Mwaga hiyo, weka ile nzito ya gia namba 140. Yangu ilipona.

FundiUyole

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefungua Masei tangu nikiwa kijana, 135, 165, 265 na 290, kwa hiyo nitaandika kirefu.

NjiaPanda, ndugu yangu, yako haikupona. Umeficha ugonjwa. Oili nzito inapita polepole kwenye tundu lililolika, kwa hiyo kwa muda unaona nguvu imerudi. Lakini hiyo oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi na difu, yote iko kwenye bodi moja, lita kama 30. Asubuhi ya baridi ya huku kwetu Mbeya pampu haiwezi kuivuta 140, inalia na inavuta hewa. Weka oili ya trekta iliyotengenezwa kwa gia na haidroliki kwa pamoja, ujaze mpaka alama ya dipstiki, usizidishe.

Sasa MkulimaKibaya. Lazima uelewe hiyo pampu inavyofanya kazi, maana haifanani na za matrekta mengi. Haiko nje. Iko ndani ya bodi, imezama kwenye oili, ina pistoni nne, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu kwenye mashine za nyuma. Valvu yake ya kuongoza iko upande wa kuvuta. Wewe ukisogeza lever juu, valvu inafungua njia ya kuvuta, pampu inapata oili na kuisukuma. Ukifika pale ulipotaka, valvu inafunga, pampu inazunguka tupu, na oili iliyoko kwenye silinda imefungiwa humo. Hiyo ndiyo akili ya Harry Ferguson, na mpaka leo sijaona mfumo wa zamani ulio rahisi kuusoma kama huo.

Kutokana na hapo, jiulize: oili iliyofungiwa inatoka wapi? Kule kusinzia unakokuona ni hivi: oili inavuja, mikono inashuka, lever ya ndani inahisi imeshuka, inafungua valvu, pampu inarudisha juu. Inavuja tena, inarudisha tena. Pampu iliyokufa haiwezi kurudisha. Yako inarudisha. Kwa hiyo mimi sijaihukumu bado.

Njia za kuvujia ni chache. Oringi (ringi za mpira) za bomba la wima linalopeleka oili kutoka kwenye pampu kwenda juu. Ringi ya pistoni kubwa ya silinda ya kunyanyulia, au gasketi ya hiyo silinda. Valvu ya usalama. Valvu ya kuongoza yenyewe. Zote ni mpira, gasketi au chuma kidogo. Hakuna hata moja yenye bei ya ng'ombe.

Nipe majibu haya:
– Oili ina rangi gani? Kama chai ya maziwa, kuna maji ndani.
– Nyanyua plau asubuhi, zima injini, hesabu dakika mpaka iguse chini. Rudia saa sita oili ikiwa ya moto. Usikae chini yake wala kuingiza mguu.
– Lever ya position (ya kuamua kimo cha mikono) imewahi kuachwa kule mwisho kabisa, sehemu ya kupampu mfululizo? Sehemu hiyo ni ya kazi kama kunyanyulia trela. Ukiiacha huko pampu inapigana na valvu ya usalama muda wote na oili inachemka bure.

WayaMmoja

Habari kaka Kibaya. Mimi ni fundi umeme wa magari na mashine, Moshi. Hiyo taa yako ndiyo iliyonifanya niandike.

Taa ya chaji imekaa katikati ya betri na dinamo. Inawaka pale upande mmoja unapokuwa na volti nyingi kuliko mwingine. Injini imezimwa, betri iko juu, inawaka. Dinamo ikichaji, pande mbili zinalingana, inazimika. Wewe unasema inafifia, halafu ukipandisha raundi inawaka zaidi. Maana yake dinamo imefika usawa wa betri, ikaipita, na hakuna aliyefungua mlango umeme uingie. Dinamo yako inazalisha! Tena inazalisha bila breki. Anayefungua mlango ni regyuleta, kile kiboksi cheusi chenye terminali tano: A, A1, F, D na E.

Nakuomba usiizungushe kwa raundi kubwa ikiwa hivyo, utaiunguza dinamo nzima kweli.

Tafuta multimita, hata ya bei ndogo, kisha:

Kwanza, pima betri imetulia. Ikiwa imejaa ni kama 12.6.

Pili, hakikisha gia ziko huru. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, yaani kwenye risasi yenyewe ya nguzo, siyo kwenye klempu. Wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu ageuze swichi. Soma. Inatakiwa chini ya nusu volti. (Nachukulia kwamba hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Angalia kwanza, maana baadhi ya matrekta ya zamani ya Uingereza yamefungwa chanya kwenye bodi.)

Tatu, rudia kwenye chanya: nguzo ya betri mpaka ile bolti nene ya starta.

Nne, dinamo. Chomoa nyaya za D na F pale kwenye dinamo. Unganisha terminali hizo mbili kwa kipande cha waya mtupu. Mita iwe kati ya huo waya na mwili wa dinamo. Washa, pandisha raundi taratibu. Volti zipande kwa ulaini. Zikikaribia 20 acha, umeshapata jibu. Zikibaki volti moja hivi, koili za ndani zina kasoro. Zikikwama nne au tano, shida iko kwenye ile sehemu inayozunguka.

Kitale_Shamba

Salamu kutoka Trans Nzoia. Nasoma hii kwa makini kwa sababu 135 yangu ilianza hivyo hivyo. Swali kwa Fundi: maji yanaingiaje kwenye oili? Yangu imekuwa nyeupe na sijawahi kulivusha mtoni.

FundiUyole

Mzee wa Kitale, mvua. Trekta linalala nje, ule mpira wa kwenye shina la gia umepasuka, maji yanateremka na shina mpaka ndani. Hakuna anayeyaona. Mengine ni jasho la bodi yenyewe, mchana moto, usiku baridi. Badilisha mipira, mwaga oili ikiwa ya moto, na usisahau kile kichujio cha wavu cha pampu. Oili yenye maji hutengeneza ute unaokiziba. Kikiziba utaona kinyume cha ugonjwa wa Kibaya: pampu inalia na kunyanyua kwa shida asubuhi ya baridi.

MkulimaKibaya

Wakuu, nimerudi na majibu. Nimeazima mita kwa mwalimu wa ufundi.

Oili siyo nyeupe, ni nyeusi na nyepesi, alama ya chini kidogo. Lever ya position ilikuwa sehemu yake, haijaachwa mwisho.

Plau asubuhi: dakika 6 mpaka kugusa ardhi. Saa sita na nusu, oili ya moto: sekunde 40.

Umeme. Betri 12.4. Upande wa chanya wakati wa kugeuza swichi 0.3. Upande wa hasi, wakuu, 4.2! Nikadhani nimesoma vibaya, nikarudia mara tatu.

Dinamo nikaipima kama dada WayaMmoja alivyosema (kwa kuwasha tulilisukuma mteremkoni, bisibisi ninayo mimi). Ilipanda laini mpaka 18, nikaacha.

WayaMmoja

Hongera sana kaka. Umepima vizuri na umepata.

Volti 4.2 zinapotelea njiani kati ya betri na injini. Starta inabaki na saba na kitu, solenoidi (swichi ya starta) inavuta, inalia "tik", mota haina nguvu ya kuzungusha dizeli baridi. Fuata huo waya wa bodi mpaka mwisho wake. Nina hakika utakuta moja ya mambo mawili, au yote: waya ni mwembamba, na bolti imekaa juu ya rangi au kutu.

Tumia kebo nene, hata ile ya mashine ya kuchomelea yenye shaba yote inafaa sana, fupi iwezekanavyo. Kwangua chuma mpaka kiwe cheupe, funga na washa ya nyota, kisha paka grisi juu. Betri zako mbili za tangu Machi sidhani kama zilikuwa mbovu.

Sasa kwenye regyuleta, angalia terminali E. Hiyo ni ethi ya kiboksi chenyewe, yaani njia yake ya kurudi kwenye bodi. Koili zake zinapita hapo kurudi nyumbani. Ikikosa ethi, kile kifungua mlango hakivutwi na hakuna chaji, hata dinamo iwe mpya kabisa.

MkulimaKibaya

Dada umeona ukiwa Moshi. Nimetoa picha ila mtandao unagoma kupandisha, nitaeleza.

Waya wa bodi ulikuwa umeungwa. Nusu ni kebo ya asili, nusu ni waya wa kawaida wa nyumba, umefungwa kwenye bolti ya kishikilia boneti kilichopakwa rangi nyekundu juu. Regyuleta mtu aliihamisha zamani, akaifunga kwenye kipande cha ubao karibu na dashibodi. Kwenye ubao! E haina waya hata mmoja.

Nimeweka kebo ya kuchomelea. Nimetoa waya wa E mpaka kwenye bolti ya injini. Kwa swichi ya kawaida, gia ikiwa kwenye S, imeshika mzunguko wa kwanza. Upotevu sasa ni 0.2. Lakini taa bado inawaka, na sasa haibadiliki kabisa na raundi.

WayaMmoja

Usikate tamaa, hiyo haibadiliki ni habari mpya. Wakati unahangaika na nyaya inawezekana dinamo imepoteza ile sumaku kidogo inayobaki ndani yake. Zima injini. Chomoa waya wa F kwenye dinamo. Chukua waya kutoka nguzo ya betri ambayo haijafungwa kwenye bodi, uguse terminali ya F ya dinamo mara mbili tatu, kugusa na kuachia. Utaona cheche ndogo. Rudisha waya wa F, washa. Kama bado, fungua kifuniko cha regyuleta ukiwa umechomoa betri, usafishe pointi kwa karatasi laini ya msasa. Usikunje chochote humo.

MkulimaKibaya

Taa imezimika. Raundi ya kati, kwenye betri nasoma 14.1. Dada Mungu akubariki. Mke wangu amesema nikuandikie hivyo hivyo alivyotamka.

Kitale_Shamba

Mimi ningeondoa dinamo niweke altaneta, mashine ya kuchaji ya kisasa. Inachaji hata injini ikiwa chini, na taa za usiku zinakuwa nzuri.

WayaMmoja

Ni wazo zuri kwa anayelima usiku, silipingi. Ila ifungwe baada ya ethi kutengenezwa, siyo badala yake. Na ukiwa na altaneta, ukigeuza betri kinyume hata sekunde moja daiodi zimekwenda, na mchomeleaji akija kuchomelea trekta uichomoe kwanza.

FundiUyole

Vizuri. Tuingie kwenye haidroliki. Dakika 6 baridi, sekunde 40 moto: ni uvujaji wa ndani, na mpira uliokauka ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Twende tukaangalie kwa macho, usinunue chochote bado.

Mwaga oili kwenye chombo kisafi mpaka ishuke chini ya kile kifuniko cha pembeni cha bodi. Fungua kifuniko. Weka mzigo ambao unaweza kunyanyuka, siyo plau, tumia mawe kwenye boriti, na uuwekee gogo imara chini ili usiweze kukuangukia. Injini kwenye raundi ya chini kabisa, oili ikiwa ya moto. Nyanyua. Angaza tochi ndani. MKONO USIINGIE HUMO, kuna shafti inazunguka, na oili ya presha inayotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Ikikupenya nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama huoni kidonda kikubwa.

Oili ikitoka mdomoni mwa silinda, ni ringi. Ikirushwa pale chini bomba la wima linapoingia kwenye pampu, ni oringi. Ikitoka kwenye valvu ya usalama utaiona inatapika hata kwa mzigo mdogo.

MkulimaKibaya

Fundi, shikamoo. Nimeangalia na dereva wangu, tochi mbili.

Iko chini ya bomba. Inatoka kama feni ndogo, bapa, kuelekea upande mmoja. Mdomo wa silinda unalowana tu, haumwagi.

FundiUyole

Marahaba mwanangu. Basi ng'ombe wako wawili wabaki zizini.

Huna haja ya kunyanyua lile kava kubwa la juu la haidroliki. Juu, kando ya kiti, kuna kifuniko kidogo cha bolti nne. Safisha eneo lote kwanza kwa dizeli na brashi, mchanga ukidondoka ndani umejiletea kazi nyingine. Hakikisha mikono ya haidroliki iko chini kabisa, hakuna presha. Fungua hizo bolti, livute bomba wima kwenda juu, polepole, bila kulipinda. Utakuta oringi juu na chini. Nenda nazo dukani mkononi, usitaje saizi kwa mdomo. Nunua zinazovumilia oili ya moto. Kabla ya kurudisha pitisha kidole kwenye bomba, kama lina mkwaruzo wa kukata lilainishe kwa msasa laini wa namba kubwa. Paka oili, sukuma kwa kiganja, usipige nyundo. Gasketi ya kifuniko mpya.

Wale mnaosoma ambao itabidi mnyanyue kava kubwa kwa sababu ya ringi ya silinda: wakati wa kurudisha, zile lever mbili zinazoning'inia lazima zikae sawasawa kwenye valvu ya pampu. Chungulia kupitia kifuniko cha pembeni kabla hujakaza bolti. Nimeitwa mara nyingi kwenye trekta "lililoharibika pampu baada ya matengenezo", linapanda lisishuke, kumbe lever imekaa nje ya nafasi yake.

MkulimaKibaya

Ya chini ilikuwa imekauka kama plastiki, imekatika robo nzima. Ya juu imekuwa bapa. Nimeweka mpya, nimemwaga ile oili nyeusi yote, nimesafisha wavu, nimeweka oili ya trekta.

Jana tumelima kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tisa alasiri. Saa nane, oili ya moto, nikanyanyua plau na kuzima injini. Dakika 15 imeshuka vidole vinne. Haisinzii tena. Dereva anageuza swichi kama gari.

FundiUyole

Vidole vinne kwa robo saa kwa trekta la umri huo nimeridhika. Ile silinda inayolowana itakudai ringi msimu ukiisha, siyo sasa. Lima.

Mdau_Babati

Naomba niingize la kwangu humu humu kabla uzi haujafungwa. 135 pia. Kunyanyua safi, kukaa juu safi. Kushuka ndiyo tabu, plau inashuka kama inashuka ngazi, mpaka nimepoteza hatua kumi za mstari. Nimeambiwa valvu.

FundiUyole

Usifungue kitu. Pembeni mwa bodi, chini ya kiti, kuna kilever kidogo, wengi wanadhani ni cha mapambo. Hicho ndicho kinachoamua kasi ya kushuka. Kisogeze upande wa haraka. Pia lever ya draft (inayofuata uzito wa plau ardhini) iangalie, ukitumia ya position hiyo ya draft ikae juu kabisa, zisigombane.

Mdau_Babati

Kilikuwa kimeganda kwa udongo upande wa polepole. Nimekisafisha kwa dizeli, nikakisogeza. Imeshuka mara moja.